Mkono wa Muriithi

Ishiara,
14 Februari 1993

Kwako dada Wamuyu,

Pokea salamu nyingi kama mawe ya mto Thuci, ambayo siku hizi unaweza kuyaona yote kwa sababu maji hayapo. Sisi hapa tu wazima. Celina anakusalimu, mtoto anakusalimu, na mbuzi waliobaki wanakusalimu. Mvua ya mwaka jana ilitusahau, na ya mwaka huu hatujui kama ina anwani yetu. Mtama umesimama, mahindi yameketi. Msalimie shemeji Kirimi na hiyo baridi yenu ya Meru.

Mahindi yenyewe ni magumu mwaka huu. Juzi githeri ilinikwama kooni mpaka Celina akanipiga mgongoni kama mtoto. Nikamwambia achemshe zaidi, akaniambia nikatafute kuni.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mama ameacha kuniita baba.

Unajua tangu nizaliwe hajawahi kunitaja Njeru. Nilipewa jina la baba yake mzazi, basi kwake mimi ni baba. Hata akinichapa alikuwa anasema, "Baba, mbona unanitesa?" utadhani ni mimi nimeshika fimbo. Sasa ni Njeru. "Njeru, fungua lango." "Njeru, mbuzi wako wako shambani kwangu." Nikisikia hivyo naona kama naitwa na karani wa chifu.

Kisa ni picha. Najua hupendi maneno ya vidio, lakini vumilia. Unaijua kazi yangu pale kwa Kathuri. Siku ya soko nasimama kando ya televisheni na fimbo yangu, jenereta inanguruma nyuma ya mabati, na kila Mzungu akisema neno mimi nalisema kwa Kimbeere. Asiposema, namsemea. Katika wote ninaowapenda, wa kwanza ni yule shujaa wa barakoa ya kijivu anayesimamisha treni kwa kifua. Jina lake la kwenye kava ni refu la Kizungu, halikai mdomoni. Siku ya kwanza tulipomwonyesha, mama mmoja muuza tumbaku aliuliza kutoka nyuma, "Huyo ni mtoto wa nani?" Watu wetu hawawezi kumwonea uchungu mtu asiye na kwao. Nikajibu bila kufikiri, "Huyo ni Muriithi, wa ukoo wetu." Jina la marehemu baba lilitoka lenyewe. Watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo ni Muriithi. Wachunga mbuzi wa hapa wanafunga magunia mgongoni wanaruka mawe, wanasema wao ni Muriithi.

Mwezi uliopita tukapata kanda ya tatu. Mwishoni daraja linamwangukia. Nikasema nilichoona. Nikasema, "Muriithi amekufa." Wamuyu, watu walilia. Wazee wazima na tumbaku zao puani. Mimi pia nililia, tena vizuri kabisa.

Sikukumbuka kwamba Muriithi mwingine yuko kwangu nyumbani, ana miaka minne, amebeba jina la babu yake, na mama humwita "mume wangu". Wanawake wa kanisa walimfikishia mama maneno kabla mimi sijafika. Na mtoto naye akashikwa na homa siku hiyo hiyo. Ilikuwa malaria, akadungwa sindano, akapona. Lakini mama alikuja akamchukua, akasimama langoni, akasema, "Mume wangu nilimzika mara moja. Wewe umemzika tena sokoni, na sasa unamchimbia huyu." Mtoto analala kwake mpaka leo. Amesema hatakanyaga kwangu mpaka nimwinue Muriithi pale pale nilipomlaza, mbele ya watu wale wale.

Kwa hiyo nakuomba. Kanda ya nne ipo. Lazima iwepo, kwa sababu picha ikikaribia kuisha, vumbi likitulia, mkono wake unatikisika chini ya yale mawe. Niliuona. Kutoka hapa hadi Embu nimeikosa. Huko Meru kuna maduka ya kukodisha kanda. Nitafutie, dada.

Ni mimi ndugu yako,
Njeru


Meru,
9 Machi 1993

Ndugu yangu Njeru,

Barua yako imenifikia juzi, imekunjwa kama chapati. Ilikuwa imezunguka wapi, Mungu ndiye ajuaye. Nimefurahi kusikia mtoto amepona. Huku ni ukungu kutoka asubuhi, nafundisha darasa la tatu nikiwa ndani ya koti. Kirimi ni mzima. Anauliza kama bado unayo ile jaketi ya ngozi ya zipu nyingi. Nimemwambia hiyo hata ukifa tutakuzika nayo.

Sasa nikuambie ukweli kama dada mkubwa. Nimekasirika. Miaka ya themanini ilitubeba sote, Njeru, lakini sisi wengine tulishuka. Wewe bado umo. Nakukumbuka ukizungusha kichwa juu ya katoni mbele ya posho mili, brekidansi, suruali imejaa vumbi, nywele umezipaka mafuta mpaka kola inalia. Redio kaseti begani inakula betri alizonunua baba kusikilizia taarifa ya habari. Ukuta wako uliubandika picha za watu wa sinema mpaka kuku wakaogopa kutagia humo. Tulicheka, sikatai. Lakini sasa una mke na mtoto, na jina la baba si la kuchezea. Mama ana haki.

Hata hivyo dawa yake si ngumu. Weka kanda yoyote ambayo kuna mtu anaamka kitandani. Sema huyo ni Muriithi, hakufa, alizirai tu. Nani Ishiara atakupinga? Kiingereza hawajui, na hicho chako nakijua, nilikufundisha mimi. Mwinue, mama arudi, mambo yaishe.

Nitauliza juu ya hiyo kanda nikipita mjini, lakini usikae ukiningoja.

Na hii githeri ya kukukwama ni ya namna gani? Wewe uliyekuwa unakomba sufuria mpaka mama anaificha? Tafuna vizuri.

Dada yako,
Wamuyu


Ishiara,
2 Aprili 1993

Mpendwa dada,

Hapa mvua imenyesha kidogo na Celina amepanda ndengu. Mbuzi mmoja ana mimba. Tumshukuru Mungu kwa hayo. Nimesoma juu ya katoni nikacheka peke yangu barabarani, watu wakaniangalia.

Lakini Wamuyu, wewe unaikumbuka suruali, mimi nakumbuka kitu kingine. Unakumbuka mwaka wa themanini na tatu, gari la sinema lilipokuja kutangaza sabuni? Walitundika shuka kwenye ukuta wa ghala la pamba. Wewe ulikuwa bweni. Nilikaa chini karibu na baba. Kabla ya sabuni walionyesha kipande kifupi cha mtu aliyeruka kutoka paa moja hadi lingine na kumdaka mtoto aliyekuwa anaanguka. Baba, ambaye unajua hakuwa mtu wa kucheka, alijipiga paja akasema, "Huyu angekuwa hapa kwetu, angetuletea maji." Njia yote ya kurudi alikuwa anaongea. Alinieleza vile huyo mtu angeyabeba maji kutoka Tana, na mapipa ya namna gani. Sijawahi kumwona baba na furaha kama hiyo, kabla wala baadaye. Kwa hiyo lile jina halikutoka mdomoni mwangu kwa mchezo. Nilimweka baba mahali alipotaka kuwa.

Na hili la kumwinua kwa uongo, siwezi. Nimebadilisha mengi, nakubali. Nimempa Muriithi ng'ombe. Adui yake mwenye meli nimemfanya mtu wa kuchoma makaa. Ule mto wao mkubwa nimeuita Thuci, na watu wakashangilia. Lakini anayekufa nasema amekufa, na anayepona nasema amepona. Hilo sijawahi kuligusa. Ni kwa ajili hiyo tu wanakuja kunisikiliza, dada. Hawajui Kiingereza, lakini macho wanayo.

Basi nisaidie na kanda. Mkono ulitikisika. Nikifunga macho nauona.

Mama huwa anapita hapa akienda kanisani, mtoto mkononi, haangalii upande wangu. Sauti yangu imekwaruza kwa vumbi la soko, na mahindi nimeyaacha kwa muda. Celina ananipondea ndizi. Naishi kama mtoto anayeota meno, ni starehe tupu.

Msalimie Kirimi. Jaketi ipo.

Njeru


Meru,
18 Mei 1993

Ndugu yangu,

Nisamehe kwa kukawia. Kulikuwa na mitihani, halafu mama mkwe aliugua, halafu nikawa nakosa la kuandika. Sasa amepona, anatembea mpaka kwenye chai yake. Hapa kwetu tumevuna viazi. Natumaini ndengu zenu zimeshika.

Kanda sijaipata. Nimeuliza. Mwenye duka anasema labda, kila nikipita ni labda.

Na je, Njeru, kama hakuna kitu? Labda mtu wako alikufa kweli pale chini ya daraja, dada yake anamlilia bure, na huo mkono hauna maana yoyote. Hata upepo hutikisa mkono. Mpelekee mama mbuzi, umwambie ulikosea kulitaja jina, umwombe msamaha. Mama ana hasira lakini hana moyo wa jiwe. Achana na kanda.

Nataka kuuliza juu ya koo. Vumbi haliwezi kumfanya mtu ale ndizi za kupondwa tangu mvua zianze. Huku Meru watu wanashikwa na koo, wanaume kwa wanawake, kila kanisa lina wagonjwa wake. Kirimi alizika binamu yake kwa hilo. Sitaki kusema mengi kwenye karatasi. Nenda hospitali kubwa Embu. Nenda wiki hii. Ukifika niandikie walichosema, neno kwa neno, kama unavyowafanyia watu wa soko.

Wamuyu


Ishiara,
10 Juni 1993

Dada Wamuyu,

Salamu zipo nyingi, zitafuata. Ndengu zimeshika. Mbuzi amezaa, nakunywa maziwa yake, ni mazuri sana. Mtoto amejifunza kupiga mluzi, namsikia kutoka kwa mama. Wiki iliyopita nilienda Embu kununua plagi ya jenereta, nikalala huko siku mbili.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa. Katika kanda zote tatu, Muriithi hana dada. Ana mama aliyefia hospitali. Ana rafiki mwenye gari bovu. Ana mbwa. Dada hana, hajatajwa hata mara moja. Kanda hizo nazijua kuliko vidole vyangu.

Umeiona ya nne. Niambie, na usinitumie labda.

Njeru


Meru,
27 Juni 1993

Ndugu yangu Njeru,

Nilijua utanishika. Nilipotia barua kwenye sanduku la posta nikalikumbuka lile neno, nikataka kuingiza mkono niitoe.

Ndiyo, nimeiona. Niliipata mwisho wa mwezi wa nne, duka moja karibu na stendi. Nikaikodi, tukaitazama mimi na Kirimi kwa jirani mwenye televisheni. Nilikuwa na furaha, nikuambie. Nilikuwa nimeshapanga vile nitakavyokuandikia. Njeru, wanamzika. Mwanzoni kabisa, hata mtu hajakaa vizuri. Kuna jeneza, kuna mvua, watu wamesimama na miavuli. Kama mkono ulitikisika, haukusaidia kitu. Halafu anakuja dada yake, alilelewa mbali, hakuna aliyekuwa anamjua. Barakoa imewekwa juu ya jeneza. Anaichukua, anaivaa, na kutoka hapo yeye ndiye anasimamisha treni.

Nililia kwa nyumba ya watu, mimi ninayekucheka. Jirani akaniletea maji. Sikuwa nalilia Mzungu. Barua yako ya ndizi ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijua wewe hutadanganya watu, na ukiwaonyesha hiyo, mama hatarudi kamwe. Lakini sina haki ya kukuficha. Mwenye duka amekubali kuniuzia. Nimempa makanga wa basi la Embu, ataipitisha Runyenjes kwa mtu anayeleta mzigo Ishiara. Uliza kwa Kathuri.

Sasa mimi nimesema yangu. Sema yako. Februari ilikuwa githeri. Aprili ikawa ndizi. Juni ni maziwa. Plagi hainunuliwi siku mbili. Baba alikuwa akituambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye mwenyewe akaficha yake mpaka tukamkuta hawezi kusimama. Usinifanyie hivyo.

Na lile neno nililoandika juu ya jaketi, nisamehe. Sikuwa najua.

Dada yako,
Wamuyu


Ishiara,
12 Julai 1993

Dada yangu,

Tumeanza kuvuna ndengu. Celina anavuna, mimi nakaa kivulini nawafukuza kuku. Kanda imefika salama, ipo kwa Kathuri, bado sijaitazama. Na kuhusu jaketi usiombe msamaha. Lilikuwa wazo zuri. Fanyeni hivyo.

Ni koo. Daktari alinitia mrija wenye taa, akaangalia, akautoa, akaanza kusema kwa Kiingereza. Muuguzi akasogea anitafsirie. Nikamwinulia mkono, aache. Nilikuwa nimeelewa. Wamuyu, miaka yote hii nawasemea watu Kiingereza, lakini siku hiyo nikaona kuna maneno afadhali mtu abaki nayo vile yalivyokuja. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka jioni. Kisu hakitafanya kitu, imefika mbali. Kuna mashine Nairobi, lakini foleni yake ni ya miezi, na daktari hakutaka kuniangalia usoni aliposema miezi.

Naogopa. Nimekuandikia hilo wewe peke yako. Mchana nacheka na watu, lakini naogopa sana.

Sauti imeisha. Tangu mwezi uliopita Kathuri anaonyesha picha bila msemaji. Watu wanaangalia kidogo, wanaulizana huyu ni nani na yule anataka nini, wanatoka. Celina anajua yote. Mama hajui. Ameona nimekonda, anawaambia watu ni dhamiri inanila. Usimtumie neno, nakuomba. Sitaki aniite baba kwa kunihurumia.

Kanda nitaitazama siku ya soko pamoja na wengine. Picha haitazamwi na mtu mmoja. Wataona amezikwa, na ndio ukweli, na mama atabaki upande wake na mimi wangu. Nimetafuta njia nyingine, sijaiona.

Njeru


Meru,
22 Julai 1993

Njeru, mtoto wa mama,

Sina salamu. Nimelia mpaka Kirimi akafunga mlango ili watoto wa jirani wasisikie.

Mwalimu mkuu amekataa kunipa ruhusa kabla shule hazijafungwa. Zinafungwa tarehe sita Agosti. Siku hiyo hiyo niko njiani. Nisubiri. Hilo nakuambia kama mkubwa wako, si kama ombi. Kunywa chochote kinachopita.

Umenikataza na nimekaidi. Mwenzangu Veronicah, ambaye kwao ni Manyatta, anakwenda kumwona shangazi yake hapo Ishiara wiki hii. Nimemtuma kwa mama. Amwambie ni koo, si dhamiri. Ukitaka kukasirika, kasirika, nitakukuta na hasira zako. Mama hawezi kukuta habari hizo kaburini.

Dada yako anayekupenda, na kama sijawahi kukuandikia hivyo ni ujinga wangu,
Wamuyu


Ishiara,
31 Julai 1993

Dada Wamuyu,

Utafika juma lijalo, lakini haya lazima nikuandikie mbele. Kwa mdomo siwezi, na tena mama hatoki kando yangu. Hata sasa yuko hapa kwenye kigoda anachambua ndengu. Kwa kuwa hajui kusoma, anadhani naandika salamu. Anasema nikuambie ulete blanketi.

Ilikuwa juzi, siku ya soko. Kathuri alikuwa ametangaza Muriithi sehemu ya nne, watu wakajaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia ya mtama. Nilivaa jaketi. Inanitosha mara mbili siku hizi. Wakanipisha benchi la mbele.

Picha ikaanza na ile mvua na ile miavuli. Mtu akauliza nyuma, "Wanamzika nani?" Akauliza tena. Nikasimama nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Watu waliinamisha macho, Wamuyu. Hicho ndicho kiliniumiza, kwamba waliinamisha macho.

Halafu gunia la mlangoni likafunuliwa na mama akaingia. Mama yetu huyu huyu, Cicily, anayesema pale kwa Kathuri ni nyumba ya Shetani. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa, kiondo begani, na amemshika Muriithi mkono. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akaichukua fimbo yangu pale ukutani, akaitazama ile televisheni kama mtu anayemkagua ng'ombe wa mahari. Wakati huo yule msichana alikuwa anaiinua barakoa kutoka juu ya jeneza. Akaivaa. Mama akagonga kioo kwa fimbo.

"Muriithi huyu hapa," akasema.

Mzee mmoja akamwambia, "Cicily, huyo ni msichana."

"Msichana ni wewe," mama akamjibu. "Amevaa nini? Anafanya kazi ya nani? Mume wangu alikufa, nilimwosha mimi kwa mikono hii, hakuna wa kuniambia kufa ni nini. Na huyu niliyemshika ni nani? Muulizeni!"

Wakamuuliza mtoto jina lake. Akasema, "Muriithi," halafu akapiga mluzi.

"Basi," mama akasema. "Alizikwa, amerudi. Mnataka arudi na uso ule ule, nyinyi nani kwenu alirudi na uso ule ule?"

Ungesikia kelele hizo ungedhani mabati yanang'oka. Na akaendelea, dada! Alisema picha yote mpaka mwisho bila kujua neno moja la Kiingereza. Treni ilipokuja, aliisemesha, akaiambia irudi kwao na ijifunze adabu. Yule adui alimwita kwa jina la mtu mmoja wa hapa aliyemhamishia mpaka wa shamba. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nimekaa. Tangu ile jioni na baba kwenye ghala la pamba, sijawahi kukaa tu nikaambiwa.

Na hakudanganya. Nililifikiri hilo wakati wote. Mimi nilikaa miezi nikingoja mkono utikisike, na wewe ukanionea huruma kwa sababu haukutikisika, kumbe kila kitu kilikuwa vile kilivyo kwetu siku zote. Mtu anazikwa na jina linaamka mahali pengine. Nilivyoipenda ile picha, na nilikuwa sijaielewa.

Ilipoisha mama alikuja akakaa karibu na mimi kwenye benchi, mbele ya wote. Veronicah alikuwa amemwambia, nikaona usoni. Akatoa kwenye kiondo kikombe cha maziwa na kijiko. Akajaza kijiko, akakileta mdomoni kwangu, akasema, "Kunywa, baba."

Wamuyu, tangu mwanzo wa wiki hakuna kilichopita ila matone. Hata maji yanarudi. Lakini aliniita baba. Nikafungua mdomo, nikayapokea, nikaufunga. Alikuwa ananiangalia shingo. Nikaishusha shingo vile mtu anavyomeza, nikatabasamu, nikamwonyesha kikombe kwa kidole, aongeze. Akasimama akapiga vigelegele, na watu wakamwitikia wakidhani bado ni vya Muriithi. Alipogeuka niliyatema maziwa ndani ya mkono wa jaketi.

Tangu nianze kazi hii sijawahi kuwaambia watu fulani amepona na hakupona. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Ukifika, atakupokea langoni na atakuambia baba alikunywa. Mjibu kwamba ndiyo, ulisikia, alikunywa.

Ndugu yako,
Njeru